Masikio ya Ngano

Fyu. Mlio mdogo hivyo tu, mwanangu, kama mtu anayevuta uzi kwenye nguo iliyochakaa. Naukumbuka kuliko kengele ya kanisa iliyolia siku ya harusi yangu. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa haujapanda kutoka bondeni, na bibi yangu alikuwa amechuchumaa ukingoni mwa shamba letu la ngano, ameshika jani la katikati la mche mmoja kwa vidole viwili. Akalivuta taratibu. Jani likatoka bila ubishi wowote, fyu, na pale chini lilipokuwa limeshikilia palikuwa pameoza, rangi ya chai iliyolala. Akavuta la mche wa pili. Fyu. La tatu. Fyu. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, mikono nimeificha ndani ya khanga, nami nilijua kabisa ni nani aliyeiua ngano ile.

Nakuita mwanangu wewe unayesoma, ingawa mzee bado sijawa. Wangu wa kumzaa ana miezi tisa, yuko hapa mgongoni ananivuta nywele wakati naandika. Wazee wenye mvi wana mengi zaidi ya kukuambia, nao uwasikilize. Ila nikingoja nizeeke huenda nitakuwa nimeusahau mlio ule, na bila mlio ule sina la kusema. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo ukikuta sentensi imepinda, uinyooshe mwenyewe.

Basi nilikuwa na miaka kumi na tisa, naishi na bibi mzaa mama. Jina langu ni Tusajigwe, wote wananiita Tusa. Nyumba yetu iko upande wa juu wa Lufingo, kule ambako baridi ya mwezi wa sita inakulaza na soksi. Walio chini yetu wana migomba na chai, walio karibu nasi wanalima viazi na maharage. Ngano walikuwa wameiacha karibu wote. Bibi hakuiacha. Alikuwa na kipande chake, matuta kumi na moja yanayoshuka mpaka kwenye kijito, na mbegu yake haikutoka dukani. Alipewa na mama yake siku alipoolewa, ndani ya kibuyu, na tangu hapo kila mwaka alivuna, akachagua masuke mazuri, akayapukuchua, akarudisha mbegu kibuyuni, akapanda tena mwezi wa tatu mvua zikianza kuchoka. Mwaka ninaokusimulia aliipanda yote. Kibuyu kilibaki kinaning'inia juu ya jiko, kitupu. Hilo ulishike, mwanangu: mbegu yote ilikuwa ardhini.

Ngano ya huku ina adui anayefanana nayo kama pacha. Ni nyasi. Inaota pamoja nayo, inarefuka pamoja nayo, majani yale yale, kijani kile kile, na wewe unaifurahia, unasema mwaka huu shamba limejaa. Ikitoa suke ndipo unagundua ulikuwa unamlea mgeni: suke limelegea, limetawanyika, linapukutika kabla hujashika mundu, na mbegu zake zinakungoja udongoni mwaka unaofuata. Mabwana shamba wanaiita shayiri mwitu. Bibi aliiita yule mwongo.

Bibi alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kwa miaka miwili alikuwa haoni zaidi ya mwanga na kivuli. Lakini wa kumshinda kupalilia ngano hakuwepo, kwa sababu hakutumia macho. Alishika jani pale linapokutana na shina. Ukishika ngano mahali hapo, unakuta vimasikio viwili vidogo vyenye manyoya, vimelikumbatia shina kama mtoto aliyebebwa anavyomshika mama yake shingoni. Yule mwongo hana. Pale pake pamenyooka tu, hapana wa kumkumbatia mwenzake.

"Huyu ana masikio," bibi alikuwa akisema peke yake, akitambaa na tuta. "Huyu anayo. Huyu hana. Toka. Huyu anayo."

Tulikuwa na utaratibu wa zamu, nao upo mpaka leo. Wanawake sita wa mlima ule, leo shamba langu, keshokutwa lako, na mwenye shamba anapika ndizi na maharage. Wanajipanga kwenye tuta, kila mmoja na mstari wake, wanang'oa kwa vidole huku wakisemana. Mkubwa wa zamu alikuwa jirani yetu, Mama Bupe, mwanamke mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya kijito.

"We Tusa, mbona uko hapo hapo tangu asubuhi? Unasali?"

"Namtafuta mwongo, Mama Bupe."

"Mwongo wako ni huo usingizi. Mng'oe huo kwanza."

Walicheka, na mimi nilicheka. Lakini ukweli ni kwamba sikuipenda kazi ile hata kidogo. Mgongo ulikuwa Lufingo, kichwa kilikuwa mjini, Makandana. Nilikuwa nimeshajijengea kichwani duka la mikate, lenye tanuri la matofali nyuma na kibao cha rangi nyekundu mbele, TUSA MIKATE, wauguzi wanatoka zamu hospitalini wanapanga foleni, na unga wenyewe ni wa ngano ya bibi. Kibao nilishakichora kwenye daftari mara nyingi mno. Sasa mtu mwenye duka zuri namna hiyo, unamwambia achuchumae apapase majani? Nilikuwa nataka mkate, mwanangu. Sikutaka shamba.

Mwezi wa tano mama mdogo anayeishi Ibighi alikuja kumchukua bibi, akatibiwe macho. Angekaa huko kama wiki mbili, jicho moja, kisha la pili. Siku ya kuondoka bibi alisimama uani, mkono wake begani kwangu.

"Nikirudi nataka kuiona," alisema. "Miaka miwili naishika tu. Nataka kuiona rangi yake."

"Utaiona, bibi."

"Zamu yetu ni Jumatano. Uwapikie vizuri. Na uwahi kung'oa, kabla yule mwongo hajajichanganya nayo."

Nikaitikia. Kumbe nilishakuwa na wazo langu.

Jirani wa juu yetu alikuwa na shamba la maharage lililonitia wivu. Hakukuwa na jani moja la nyasi mle ndani. Maharage yamesimama, udongo umefagiwa. Nilimuuliza, akanionyesha kichupa: unachanganya na maji, unapiga na bomba la mgongoni, nyasi zinakufa, maharage yanabaki yanacheka. Mwanangu, nilimwona kama malaika. Nilipanda gari kesho yake nikaenda Tukuyu mjini, kwenye duka la pembejeo.

"Naomba dawa ya majani membamba. Ile ya kwenye maharage."

Muuzaji, kaka mmoja mwenye miwani, akaniwekea mezani. "Maharage yako yana umri gani?"

Hapo ndipo ningesema. Alikuwa ameniuliza vizuri kabisa, mlango ameufungua mwenyewe. Lakini nyuma yangu walikuwepo vijana wawili wakulima wa viazi, na mimi nilishazoea kuchekwa kwamba tunalima ngano ya mababu. Nikasema, "Yana wiki tano hivi."

"Haya. Soma karatasi yake yote, usisome juu tu."

Nilisoma juu tu. Kwenye gari, magoti yamebanwa na magunia ya watu, nilisoma yale maandishi makubwa kwamba inaua nyasi za kila namna, nikatabasamu peke yangu, nikakikunja kikaratasi. Maandishi madogo yalikuwa nyuma. Sikugeuza.

Najua unajiuliza nilikuwa nawaza nini. Nitakuambia. Nilidhani dawa inajua lipi ni chakula na lipi ni gugu. Niliona imeacha maharage, nikaamini inaheshimu mazao. Haikunijia hata mara moja kwamba inaangalia jambo moja tu, hiki ni nyasi au si nyasi, na kwamba ngano yenyewe, ngano ya bibi iliyotoka kwenye kibuyu cha mama yake, ni nyasi.

Nikamwambia Mama Bupe Jumatano wasije.

"Wasije? Shamba la bibi yako litapaliliwa na nani? Na malaika?"

"Na dawa. Mwaka huu nyinyi mpumzike tu."

"Ehee! Mtoto ameendelea," akasema, na wala hakusema kwa ubaya. "Haya bwana. Ikifanya kazi, unibakizie. Nina mahindi yangu bondeni yamezidiwa na nyasi, mgongo hautaki."

Unajua mvua ya Tukuyu ilivyo, haina adabu. Nilingoja siku mbili, ya tatu jua likatoka, nikaazima bomba la jirani, nikapiga. Tuta la kwanza, la pili, mkono unapampu, pua inasikia harufu kama ya rangi ya kupaka, na mimi naimba. Nilipomaliza la kumi mawingu yalishajikusanya juu ya mlima. Tuta la kumi na moja, lile la mwisho kabisa karibu na kijito, ndilo lililokuwa na nyasi nyingi kuliko yote, kwa sababu hata kwenye zamu tulikuwa tunalifikia tumeshachoka. Matone yakaanza. Nikasema hilo nitarudia. Sikurudia. Mvua ilinyesha karibu kila siku, na siku ya nne Mama Bupe akaja kuchukua chupa iliyobaki.

Wiki ya kwanza hakuna kilichobadilika. Nyasi za kijani, ngano ya kijani. Nikaanza kuidharau dawa. Siku ya tisa nikaona wekundu kwenye ncha za majani ya yule mwongo, nikapiga vigelegele peke yangu shambani. Siku ya kumi nikaona wekundu ule ule kwenye ngano.

Nilijiambia ni baridi. Nikarudi nyumbani, nikapika, nikachora kibao changu. Mchana nikaenda tena. Nikasema labda ni mbolea imepungua. Lakini nilikuwa nimeshavuta jani moja la katikati, na lilitoka. Nilijua, mwanangu. Nilijua siku ile ile. Na nilijua pia chupa iko kwa Mama Bupe, na kwamba anangoja mvua ikatike tu. Ilikuwa ni kushuka kilima, mwendo wa robo saa. Sikushuka. Nikimwambia Mama Bupe leo, kesho mlima mzima unajua, na bibi atazisikia habari akiwa bado hospitalini. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya, nikaita woga wangu huruma.

Siku ya kumi na moja bibi akarudi. Alikuwa na miwani myeusi, amechangamka mpaka nikamwogopa.

"Nimeona migomba," alisema hata kabla hajakaa. "Nimeona bati letu limepata kutu. Nimeona ng'ombe wa Mama Bupe amekonda, na wewe umenenepa. Kesho asubuhi nataka kuiona ngano."

Ndiyo asubuhi ile niliyoanza nayo. Alitangulia mbele yangu, hakushikwa mkono, fimbo ameiacha nyumbani. Alipofika ukingoni akasimama. Akavua miwani myeusi, akaangalia. Akairudisha. Akaivua tena.

"Labda macho haya bado mapya," alisema polepole. "Mimi naiona ya njano."

Nikaificha mikono ndani ya khanga.

Akachuchumaa. Na hapo akafumba macho yale aliyotoka kutibiwa, akanyoosha vidole, akafanya kama alivyofanya siku zote. Akatafuta masikio. Akayapata. "Huyu anayo," akanong'ona. Akashika jani la katikati, akavuta.

Fyu.

Baada ya mche wa tatu akafumbua macho. Hakupaza sauti.

"Umeipa nini?"

"Dawa ya majani, bibi."

"Uliambiwa ni ya ngano?"

"Sikuuliza."

"Iliyobaki iko wapi?"

"Kwa Mama Bupe. Anataka kupiga mahindi."

Bibi akaangalia juu. Mimi nikaangalia juu. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, anga lilikuwa jeupe, ukungu unafumuka, jua linatoka. Nilipiga magoti palepale kwenye tope, nikaanza kulia, nikitafuta miguu yake niishike. Alinisukuma kwa mkono, si kwa ukali, kama unavyomwondoa ndama mlangoni.

"Kulia utalia ukirudi. Nenda kwanza."

Nilikimbia, mwanangu. Ndala moja niliiacha kwenye tope la shamba la viazi la watu. Nilipofika juu ya bonde nikamwona Mama Bupe katikati ya mahindi yake, yamefika magotini, mazuri, na bomba liko mgongoni, anashusha mpini kujaribu.

"Mama Bupe! Usipige! Usipige!"

"Kuna nini? Nyoka?"

"Usipige, mama! Dawa itaua mahindi!"

Nikafika, sina pumzi. Yeye amenikodolea macho, ncha ya bomba inadondosha tone moja moja kwenye kiatu chake.

"Hii si inaua nyasi?"

"Mahindi ni nyasi."

"Mahindi ni nyasi? Toka lini?"

"Hata ngano. Ngano yote ya bibi imekufa. Nimeiua mimi."

Alishusha bomba mgongoni taratibu kama mtu anayemlaza mtoto, akaliweka kwenye njia, akajifuta mikono kwenye gauni. Aliangalia mahindi yake, mstari kwa mstari.

"Ungenikuta nimemaliza," alisema. "Ungechelewa kidogo tu, ningekuwa nimeyamaliza yote kwa mkono wangu. Watoto wangu wangekula nini mwezi wa nane? Wangekula bomba?" Kisha akanigeukia. "Ulijua lini?"

Ningeweza kusema leo. Bibi hakuwepo, hakuna aliyekuwa anasikia.

"Juzi," nikasema.

"Juzi." Alirudia mara mbili. "Jana mchana nilikuwa hapa hapa na hili bomba. Mvua ndiyo iliyoniondoa. Kwa hiyo mahindi yangu yameokolewa na mvua, Tusa. Si na wewe."

Nimeshasemwa na watu wengi maishani. Hakuna neno lililonikaa kama hilo.

Nilirudi na chupa mkononi. Bibi sikumkuta pale nilipomwacha. Nilimkuta chini kabisa, karibu na kijito, kwenye tuta la kumi na moja, lile nililoliacha kwa uvivu na mvua. Nyasi zilikuwa nyingi mle, lakini katikati ya nyasi ngano ilikuwa hai. Akavuta jani la katikati mbele yangu. Jani likakataa.

"Hii ndiyo mbegu iliyobaki," alisema. "Chuchumaa."

"Bibi, hapa ni nyasi tupu."

"Ndiyo maana nakuambia uchuchumae."

Kwa wiki tatu nilikuwa kwenye tuta lile kila asubuhi. Mwanzoni nilikuwa nang'oa ngano na kuacha yule mwongo, bibi ananipiga kofi dogo la mkono: "Umemshika wapi? Shuka chini, pale shingoni." Aliniambia nifumbe macho. Ajabu ni kwamba nikifumba niliona vizuri zaidi. Siku ya tano au ya sita vidole vikaanza kujua vyenyewe. Huyu anayo. Huyu hana. Toka.

Niliirudisha chupa Tukuyu. Yule kaka mwenye miwani nikamweleza yote, hata ule uongo wa maharage. Alitikisa kichwa mpaka miwani ikateleza.

"Dada, ungeniambia ngano. Dawa ya nyasi inayoiacha ngano ipo, na hapa kwangu ipo. Ina jina la ngano pale kwenye karatasi. Unaipiga nyasi zikiwa changa, zina majani mawili matatu, si zikiwa zimefika kiunoni. Na zitakazobaki unang'oa kwa mkono zisimwage mbegu, na mwaka wa pili na wa tatu usirudie dawa ile ile kila mara, maana zinaizoea."

"Kwa hiyo nitang'oa tu?"

"Utang'oa. Lakini chache."

Wiki ya pili nikiwa tutani nikasikia mtu anashuka, anahema kwa makusudi. Mama Bupe. Akachuchumaa mstari wa pili bila kusalimia, akaanza kung'oa.

"Mama, mimi niliwafukuza kwenye zamu."

"Nani kakuambia zamu inafukuzwa? Mlikosa Jumatano moja." Akang'oa mche mwingine. "Na hizo ndizi zipo jikoni, au nazo umezipiga dawa?"

Nilicheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Nilicheka mpaka nikalia, na ndipo nikakumbuka kwamba bibi aliniahidi nitalia nikirudi.

Tulivuna mwezi wa tisa. Matuta kumi tulikata majani makavu tukawapa ng'ombe matandiko. Tuta moja lilitoa ngano isiyofika nusu ya kibuyu. Bibi aliimimina akiiangalia, punje kwa punje, kwa macho yake yote mawili, na hakuionja hata moja. Mwaka huo hatukula mkate wala chapati. Ilituchukua misimu mitatu kuyajaza tena matuta kumi na moja.

Basi mwanangu, haya ndiyo ninayotaka ubaki nayo.

Usiogope dawa, wala usiiabudu. Mimi naitumia mpaka leo, ile inayotaja ngano, mapema, kwa kipimo, nimevaa glavu na viatu, na karatasi naisoma mbele na nyuma hata kama nimeisoma mwaka jana. Ukiulizwa una zao gani, taja zao lako, hata wakicheka. Anayekuuliza anataka kukusaidia, na ukimdanganya umejifungia nje mwenyewe. Kabla hujaua kitu, jiulize kinafanana na nini unachokipenda. Jifunze tofauti yao kwa vidole vyako mwenyewe.

Ndoto zako uzishike. Mimi yangu ninayo, tanuri liko nyuma ya nyumba, dogo, la udongo badala ya matofali, na Jumamosi mikate yangu inafika Makandana ingali na joto. Ila ujue kila ndoto ina mahali pake pa kuchuchumaa. Ukiparuka hapo, umeiruka yenyewe.

Na kubwa kuliko yote: ukishajua umekosea, usihesabu siku. Siku ya kusema ni ile ile uliyojua. Ngano ya bibi niliiua kwa kutojua, na hilo nimejisamehe. Zile siku mbili za kukaa kimya nilizikaa nikijua, na bado zinanichoma. Usiiachie mvua kazi iliyokuwa yako. Nenda kwanza. Kulia utalia ukirudi, na ukirudi utakuta kuna tuta moja limebaki.

Bibi yupo. Miguu haimpandishi tena mlimani, lakini macho yanaona, na kila nikirudi shambani ananiuliza, "Wana masikio?" Nikimwambia wanayo, anasema ndaga, mwana gwangu, yaani asante, mwanangu. Kwa baraka hiyo hiyo nakubariki na wewe. Mungu akupe mikono isiyoona aibu kushika tope, na ulimi usiongoja kesho, na majirani wanaoshuka kilima bila kuitwa. Mbegu uliyopewa ikukute, nawe uipeleke mbele.

Jana asubuhi, baada ya kumnyonyesha mtoto na kumwacha kwa bibi, nilishuka mpaka tuta la kumi na moja. Ngano imefika kifundoni, ina umande. Tuta lile silipigi dawa, sijawahi. Hakukuwa na mtu, kijito tu kinapita. Nikachuchumaa, nikafumba macho, nikashika jani la kwanza nililolikuta, nikashuka nalo taratibu mpaka shingoni. Nikapapasa upande huu, nikapapasa upande ule. Hayakuwepo.

Nikaling'oa.